Jina Lililofungwa Mguuni

Bukavu, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025. Mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi tangu nitoke Shabunda.

Mvua ilianza kabla ya saa sita mchana na hadi sasa haijakata. Nusu ya paa tunalolibadilisha iko wazi, tumeitandikia turubai, na chef, msimamizi wetu, ametuambia twende nyumbani mpaka kesho. Nyumbani kwangu ni chumba cha mbao huku juu Kadutu. Maji ya njiani yanaingia chini ya mlango na kutokea ukutani upande wa pili. Nimepandisha miguu kitandani, naandika kwa kidole kimoja kabla simu haijazima.

Leo moyo wangu ni kama mfuko wa simenti ulionyeshewa. Huwezi kuutumia, na kuubeba hadi mahali pa kuutupa ni kazi.

Binti yangu amepata jina, na si mimi niliyempa.

Wachache mnaosoma ukurasa huu mnajua kidogo habari zangu, lakini nitazisema tena, maana leo nahitaji kuziona zimepangwa. Nilipotoka kwetu, mke wangu Furaha alikuwa na mimba changa, hata jirani walikuwa hawajaiona. Nilikuja Bukavu kutafuta kibarua cha miezi mitatu, minne, nirudi kabla hajajifungua. Mwanzo wa mwaka huu vita vilifika, mambo yakageuka hapa. Uwanja wa ndege ukafungwa. Njia ya nchi kavu ya kwenda kwetu ina vizuizi vya watu wenye bunduki wa kila aina, na mwanaume wa umri wangu anayetoka upande mmoja kwenda upande wa pili huulizwa maswali yasiyo na jibu zuri. Mtoto akazaliwa mwezi wa nne. Siku hiyo mimi nilikuwa Nyawera, hapa mjini, napandisha mchanga orofa ya tatu kwa ndoo.

Katika ukoo wetu baba ndiye anayetoa jina, na halitoi akiwa mbali. Asubuhi anasimama mlangoni na mtoto, anampima uzito mikononi, halafu anatamka jina, mara moja tu. Baba yangu alinifanyia hivyo, na baba yake alimfanyia yeye. Hawakubali kwamba mtu anaweza kumwita mtoto ambaye hajui uzito wake. Mpaka siku hiyo ifike, mtoto anaitwa mugeni, yaani mgeni, basi. Kwa kawaida ni wiki moja. Baba akiwa kwenye machimbo ya dhahabu, mwezi.

Wangu amekaa mugeni tangu mwezi wa nne.

Na jina ninalo. Ni Wabiwa, jina la mama yangu. Alikufa mwaka mmoja kabla ya safari hii, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Nisipolipeleka mimi kwa huyu mtoto, hakuna mwingine wa kulipeleka. Nimelibeba mwaka mzima kama mtu aliyebeba moto ndani ya kopo, nikiziba upepo kwa mkono.

Sasa niseme habari za ndege, kwa sababu wao ndio wamenifanya nielewe kilichonipata leo. Bila wao labda ningekasirika tu na kulala.

Tangu mwezi uliopita tunafanya kazi kwenye nyumba moja ya zamani kule Muhumba, karibu na ziwa. Niliajiriwa kama aide-maçon, yaani msaidizi wa fundi: kuchanganya, kubeba, kupokea bati. Lakini kabla ya kufumua paa ilibidi tutoe vitu vilivyokuwa ndani, na vitu vyenyewe vilikuwa ndege. Padri mmoja aliyekwisha kufa alitumia maisha yake kuwakusanya. Wamejaa makabati kwa makabati. Ukivuta droo unawakuta wamelala chali, wamejazwa pamba, macho meupe, miguu imefungwa pamoja kwa uzi, na kwenye uzi huo kila mmoja ana kikaratasi kidogo chenye jina lake.

Anayewatunza ni Papa Deo, mzee anayevaa koti la mvua hata ndani ya nyumba. Alifundishwa kazi na padri huyo. Ujanani alisoma petit séminaire, seminari ndogo ya mapadri, akatoka kabla ya kufika mbele, lakini Kilatini kilimbaki, kama mtu aliyehama nyumba akasahau kurudisha funguo. Ameshakaa muda mrefu bila mshahara. Haulizi tena.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni akatuangalia mimi na mwenzangu Chance, viatu vyetu vimejaa udongo, akasema, “Mubebe sawa mutoto muchanga. Polepole.”

Nimebeba droo nyingi sana sawa na mtoto mchanga. Wangu sijambeba hata mara moja.

Siku ya pili Chance alifanya kosa. Chance ni kijana kutoka Walungu, mcheshi, hana ubaya. Dari lilikuwa linavuja, akaona vikaratasi vya ndege watatu vinalowa, akavifungua vizuri kimojakimoja, akavitia mfukoni vikauke kwa joto la mwili. Alifikiri anasaidia. Papa Deo alipowaona wale ndege miguu mitupu, aliketi chini kwenye sakafu yenye maji.

“Nimeviweka vizuri, Papa. Viko hapa,” Chance akasema, akampa.

“Iko ya nani?”

“Ya hawa tatu.”

“Minauliza: hii moja, iko ya nani?”

Mmoja alikuwa mkubwa, akarudishiwa jina lake. Wawili waliobaki walikuwa wadogo, wa kahawia, wamefanana kama punje za maharage. Papa Deo aliwageuza kwenye mwanga, akapima mabawa kwa rula, akatikisa kichwa. Hakukubali kubahatisha. Aliwaweka kwenye sanduku la peke yao pamoja na vikaratasi viwili, bila kufunga. Alituambia kuwa ndege asiye na karatasi yake si kitu tena. Hata kama ni wa mwisho duniani, ni manyoya na pamba.

Chance aliponong'ona kwamba mzee amezidisha, nilikubaliana naye. Leo sikubaliani.

Baada ya hapo, nadhani kwa kuogopa tusirudie, Papa Deo alianza kutusomea. Kila droo tuliyoipeleka chumba kikavu, alitaja majina na kutueleza yametoka wapi. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Kilatini nilikijua kwenye nyimbo za misa tu. Lakini nilisikiliza, kwa sababu ukibeba kitu siku nzima unataka kujua ni nini.

Wa kwanza kutuchekesha alikuwa yule ndege wa usiku, wa kahawia, anayelala katikati ya njia na kuruka miguuni pako unapotaka kumkanyaga. Wameandika Caprimulgus. Papa Deo akasema capra ni mbuzi, mulgere ni kukamua. Mkamua mbuzi. Zamani huko Ulaya watu waliamini kwamba anaingia zizini gizani na kunyonya mbuzi mpaka maziwa yanakauka. Ana kinywa kikubwa, alionekana karibu na mifugo, wakamhukumu. Kumbe alikuwa anafuata wadudu.

“Kwetu bangemupiga mawe,” Chance akasema. “Kukamua mbuzi ya mutu! Hata kama haikuwa yeye.”

“Haikuwa yeye,” Papa Deo akasema.

“Basi bamubadilishie jina.”

“Haibadilikake.”

Hapo ndipo nilipoisikia sheria ya wanaowaandika ndege majina kwa mara ya kwanza, nikaipita bila kuiwaza. Jina la kwanza kuandikwa na kutangazwa ndilo linalobaki. Likiwa la uongo, linabaki. Aliyeliandika akiwa hajawahi kumwona ndege huyo akiruka, ameletewa ngozi tu ndani ya sanduku, linabaki. Mwingine akija baadaye na jina zuri zaidi, la kweli zaidi, amechelewa. Jina lake linaandikwa chini ya lile la kwanza, kwa herufi ndogo, ili watu wajue kwamba liliwahi kutajwa.

Kuna korongo mwenye taji, yule tunayemwona kwenye mabonde yenye maji. Anaitwa Balearica regulorum. Neno la pili ni la wafalme wadogo, kwa ajili ya taji, hapo sawa. La kwanza ni la visiwa vya Baleari, huko kwenye bahari ya Wazungu. Nilimuuliza Papa Deo kama anaishi huko. Akasema hajasikia mtu aliyemkuta huko. Jina lilikuwa kwenye vitabu vya kale vya Warumi, labda la ndege mwingine kabisa, likazunguka miaka mingi likamwangukia huyu wa kwetu.

Nilimhurumia. Hapa kazini hakuna anayejua jina langu. Siku ya kwanza chef aliuliza, “Weye ni wa wapi?” na jibu langu ndilo likawa jina. “Shabunda, leta maji.” “Shabunda, shika ngazi.” Angalau mimi ninatoka huko kweli.

Halafu mwewe. Huyu hana haja ya kuelezwa, yuko juu ya soko la Kadutu kila siku anangoja mtu asahau nyama. Karatasi yake ni ndefu: Milvus migrans parasitus. Milvus ni mwewe, migrans ni mwenye kuhamahama, parasitus ni mdowezi, anayekula penye meza ya mwenzake. Chance alipiga kofi kwenye paja lake.

“Shabunda! Banakuandikaka mu kitabu, haukusema!”

Tulicheka wote, hata mimi. Lakini jioni ile nilipanda Kadutu nikiyarudia yale maneno matatu, na kicheko hakikuwepo tena. Mwewe, mwenye kuhamahama, mdowezi. Aliyeandika alimjua mtu.

Wapo waliopewa haki yao. Kuna yule mdogo anayekuongoza kwenye asali, anayeita mbele yako mti kwa mti mpaka mzinga. Indicator indicator. Mwenye kuonyesha, wameandika mara mbili. Huko kwetu nimemfuata mara nyingi nikiwa mtoto. Nilifurahi kumwona ana jina la kweli. Chance alikunja uso, “Indicateur? Sawa mupelelezi? Siku hizi jina hiyo inaweza kuua mutu,” na Papa Deo akamwambia afunge mdomo, dirisha liko wazi.

Na siku moja, chini kabisa kwenye kabati la mwisho, nilikuta ndege wa nyumbani. Mkubwa kama kuku, mgongo wa kijani na buluu, kifua kinang'aa, shingo nyekundu iliyofifia kwa miaka. Nilisimama na droo mikononi.

“Unamujua?” Papa Deo akauliza.

“Nimemula,” nikasema.

Alicheka mpaka akavua miwani. Ni kweli, baba yangu alimtega porini nikiwa mdogo, mama akampika kwa mawese. Papa Deo alinisimulia habari yake. Zamani, huko Ulaya, wawili kama huyu walikaa ndani ya jumba la makumbusho, wameandikiwa kuwa ni tausi wachanga wa India. Watu wenye elimu walipita mbele yao. Kulikuwa na mtu mmoja aliyetunza unyoya mmoja kutoka Kongo kwa miaka mingi bila kujua ni wa ndege gani. Siku aliyowaona wale wawili akakumbuka unyoya wake, akalinganisha. Ndipo wakaandikwa Afropavo congensis. Tausi wa Afrika, wa Kongo.

Nilipenda hiyo habari kuliko zote. Nilijiambia: unaona, mtu alikaa na kipande kidogo mkononi, akangoja, na mwishowe jina likamfikia mwenyewe. Nilijiambia mimi na jina la mama yangu ni vivyo hivyo. Nililala vizuri siku hiyo.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, Furaha alipiga simu. Kwetu mtandao unapatikana kwa kupanda kilima, kwa hiyo akipiga huwa kuna jambo.

“Halo, baba Mugeni,” akasema.

Hajawahi kuniita hivyo. Nikadhani ni mzaha.

“Baba Mugeni ni nani?”

“Ni weye. Iko mwingine?”

Akanieleza haraka haraka, upepo ukipiga kwenye simu. Watu wa état civil walipita kuandikisha watoto ambao bado hawajaandikwa. Wanadai karatasi ya chanjo. Na kwenye karatasi ya chanjo, tangu mwezi wa kwanza wa maisha yake, muuguzi alikuwa ameandika Mugeni, kwa sababu kila mtu nyumbani alimwita hivyo na karatasi haikubali nafasi tupu. Mwandishi wa serikali akanakili. Akapiga muhuri. Mugeni, na baada yake jina langu la ukoo. Imekwisha.

“Ungewaambia wangoje,” nikasema.

“Bangoje nini? Bangoje nani?” Sauti yake ilipanda. “Miye tangu nizae sina hata jina ya kuitwa. Benzangu ni mama Riziki, mama Asifiwe. Miye ni mama wa nani? Mama wa hapana? Sasa niko mama Mugeni. Nimechoka, baba. Unasikia? Nimechoka.”

Nikamuuliza, “Na Wabiwa?”

Nilimsikia akihamishia simu sikio la pili.

“Nilijaribu. Usifikiri sikujaribu. Jioni mingi, shiye babili tu. Ukimuita Mugeni anageuka, anacheka, meno yake mbili inaonekana. Ukimuita Wabiwa anaangalia ukuta.”

Nikauliza baba yangu anasema nini, nikitumaini amekasirika pamoja nami. Akasema baba ndiye anayemwimbia kila asubuhi, Mugeni wangu, Mugeni wangu, amekwisha kumzoeza. Mzee yule yule aliyeniapia kwamba hakuna atakayemwita mtoto jina mpaka mimi nisimame mlangoni.

Nikasema maneno ya hasira ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikasema kwamba mtoto huyo si mgeni, ana kwao.

“Ukifika ndio tutaona mugeni ni nani,” Furaha akasema, na mtandao ukakatika. Kabla haujakatika nilisikia nyuma yake mtoto akipiga kelele za furaha, sijui alikuwa ameona nini.

Nilirudi ndani. Tulikuwa tunamalizia droo za mwisho kabla turubai halijafungwa vizuri. Chance aliniona.

“Shabunda, unabeba sawa batu benye kwenda kuzika. Iko nini?”

Nikamwambia. Nikamwambia na Papa Deo, aliyekuwa anapangusa kabati kwa kitambaa kikavu. Nikamuuliza swali ambalo najua ni la kijinga, lakini nilitaka mtu mwenye kujua sheria za majina anijibu. Kama aliyeandika hakuwa na haki ya kuandika, je, haifutiki? Kama kuna jina lililokuwepo kabla, ila halikuandikwa mahali?

Papa Deo hakuacha kupangusa.

“Iliandikwa?” akauliza.

“Muhuri na yote.”

“Na yako iliandikwa wapi?”

“Hakuna mahali. Iko kichwani.”

“Ah,” akasema. Akakunja kitambaa upande mkavu. Sidhani kwamba alikuwa anatafuta la kunifariji. Nadhani alikuwa anafikiria mambo yake mwenyewe, makabati haya ambayo hakuna anayekuja kuyaangalia tena, na majina anayoyajua yeye peke yake. Halafu akauliza, “Lakini mutoto iko muzima?”

“Iko muzima.”

“Basi.”

Chance alikuwa amekaa juu ya rundo la bati. Aliinyooshea kidole ile droo mikononi mwangu, yenye ndege zaidi ya ishirini wamelala chali na karatasi zao.

“Sasa weye unalia nini? Hawa bote bako na majina ya Kilatini, safi, na hakuna hata moja anayeitika. Wako anageuka na kucheka.”

Alitaka kunisaidia, kama alivyotaka kuvisaidia vile vikaratasi vitatu. Niliiweka droo chini polepole, sawa na mtoto mchanga, nikaenda nje nikasimama kwenye mvua iliyokuwa inaanza.

Sasa niseme ukweli, maana hapa siandikii mtu wa kumpendeza.

Kinachoniuma si kwamba jina ni baya. Mugeni ni jina la watu, wako wanawake wengi wazuri wanaoitwa hivyo. Kinachoniuma ni kwamba limemfaa. Limemfaa bila mimi. Nyumba ile ilikuwa na nafasi ya umbo langu, mlangoni, asubuhi, na nilifikiri itabaki wazi mpaka nirudi. Lakini watu wanaishi. Nafasi imejazwa na wimbo wa baba yangu, na kalamu ya muuguzi, na muhuri wa mtu ambaye labda hata hakuinua macho kumwangalia mtoto. Siwezi hata kumchukia muuguzi huyo. Alikuwa na mtoto mkononi na mstari mtupu mbele yake. Alimpima uzito, kumbuka. Alimweka kwenye mizani na kuandika kilo zake. Kwa sheria ya ukoo wetu yeye ana haki kuliko mimi.

Hilo limenijia sasa hivi, nikiandika, na sikulitaka.

Mimi ndiye mtu wa mbali anayetaka kumwita kiumbe ambaye hajawahi kumwona. Picha nimetumiwa moja, haina mwanga, amefungwa kitenge hadi puani. Kutoka kwenye picha hiyo nilitaka nimbebeshe mtoto mwanamke mzima aliyekufa, na mikono yake, na kicheko chake, na jinsi alivyokuwa anapika ndege wa porini kwa mawese. Wale waliomwita yule ndege mkamua mbuzi angalau walikuwa na ngozi mkononi.

Na mama yangu? Jina lake linaishia hapa, kwangu, kwenye kitanda kilichozungukwa na maji. Nimejaribu kutafuta njia nyingine ya kuliona jambo hili tangu mchana na sijaiona. Watasema utazaa mwingine. Nitazaaje mwingine kutoka hapa? Njia ni ile ile. Mwaka jana nilikuwa naogopa kuchelewa kuzaliwa kwa mtoto. Halafu nikaogopa kuchelewa kumpa jina. Nikikaa hapa, kutakuwa na kitu kingine tena cha kuchelewa, na kingine baada yake.

Jioni, mvua ilipopungua kidogo, nilifikiria kumpigia Furaha. Nilitaka kumwambia aende kwa mwandishi, aombe, alie, wabadilishe. Ninajua kwamba inawezekana, huyu si ndege, watu hubadilisha karatasi. Kisha nikamwona yule mtoto anageuka kwa furaha akisikia Mugeni, na siku inayofuata anaitwa kwa jina jingine na kuangalia ukuta, anangoja nani ajibu. Sikupiga.

Nimeamua hivi. Libaki. Kwenye karatasi, shuleni, kanisani, kwa wenzake, ni Mugeni. Siku nitakayofika nitamchukua asubuhi, nisimame naye mlangoni, hata kama amekuwa mzito, hata kama ananiogopa na kurusha miguu. Nitalitamka lile lingine mara moja sikioni mwake, halafu nitamteremsha aende zake. Sitamwambia mtu alitumie. Papa Deo ameniambia la pili linaandikwa chini, kwa herufi ndogo, ili ijulikane kwamba liliwahi kutajwa. Nami naliandika hapa chini, kwa simu hii yenye kioo kilichopasuka.

wabiwa.

Betri inaonyesha nyekundu. Juu ya bati mvua imezidi tena, na nawaza kama turubai letu kule Muhumba limeshikilia, na wale wawili wasio na majina ndani ya sanduku lao, kama wamelowa.

Paa litakwisha kabla ya Noeli. Nilikwisha kuandika kwenye ukurasa huu kwamba nitakuwa nyumbani Pasaka iliyopita, halafu nikaandika mwezi wa nane, kwa hiyo mna haki ya kutoniamini. Sasa nasema Pasaka ijayo. Wako wachuuzi wanaopita porini kwa miguu na mizigo mgongoni, nitaomba kubeba ya mtu na kufuatana nao. Kama watanikubali. Kama vizuizi vitanikubali.

Wakati huo atakuwa na mwaka mmoja, atakuwa anatembea. Sitamkuta kitandani wala mgongoni. Atakuja mwenyewe mlangoni kuangalia mtu aliyesimama na mzigo, atamgeukia mama yake, na Furaha itabidi amwambie jina langu.